Wema wa Mzee Mdhamini

Nikisikia kikohozi cha yule mzee, nashikwa na kinyaa. Nalisema mapema ili usije ukasoma huku unangoja nimsifu. Hapa mtaani kwetu Pasiansi ukiuliza watakwambia ni mtu mwema, na watakutolea mifano: fulani alimtoa mahabusu, fulani alimwombea kazi, fulani alisimama naye mbele ya hakimu. Yote ni kweli. Ndiyo maana kinyaa changu hakina pa kwenda. Mtu mbaya unamsema, unalala. Lakini mtu aliyekutendea wema, kisha akaukalia huo wema kama kuku anayeatamia, utamfanya nini?

Sisi tunamwita Mzee Mdhamini. Zamani alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alipostaafu akajipa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri. Mtu akikamatwa, polisi wanataka aje mtu mwenye makazi ya kueleweka, anayeaminika, aseme, "Huyu namfahamu, siku mkimtaka nitamleta." Mtaani kwetu wengi ni wapangaji, leo wapo hapa, kesho wamehamia Nyakato kufuata vibarua vya viwandani. Yeye ana nyumba yake, ana kitambulisho chake kwenye mfuko wa plastiki, na ana sura ambayo askari wakiiona wanavuta kiti. Basi akawa anatuazima kuaminika kwake. Hela ukiazimwa unarudisha, mkaachana. Kuaminika kwa mtu utakurudisha vipi? Unakaa nako mwilini mpaka uzeeni.

Mimi ni fundi cherehani, na kibaraza changu kinatazamana na mlango wake. Nimemwona miaka mingi kuliko nilivyopenda. Shati lake lina kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Kabla ya kusaini hulamba kidole gumba, hata karatasi ikiwa moja tu na hakuna cha kufunua. Akimaliza, kwa kidole kile kile chenye mate anakugusa shavuni na kusema, "Umetoka sasa." Vijana wa watu, wanaume wenye ndevu, wanasimama wamepakwa mate ya mzee usoni na hawathubutu kujifuta mpaka wakunje kona. Mimi nawaona kutoka hapa kwenye cherehani. Nawaona wanavyojifuta.

Hela hapokei, na hapo ndipo alipotushika. Angekuwa anachukua hata soda, tungesema tumemalizana. Mtu akimpelekea kuku anasema, "Rudisha kwa mama yako, wema wangu hauuzwi." Wageni wakisikia hivyo wanaguna kwa heshima, wanasema watu wa namna hii wamekwisha. Ah! Wangengoja kidogo tu. Ukimfuata nyumbani umwambie asante mko wawili, uso unamkunjamana kama aliyekunywa mwarobaini. Mara moja nilimsikia akimwambia kijana mmoja pale mlangoni, "Unanishukuru hapa, nani anasikia? Jumamosi kwenye jumuiya tupo wengi."

Jumuiya ni yale maombi yetu ya nyumba kwa nyumba, Jumamosi asubuhi, majirani tunakaa kwenye mikeka na mabenchi. Ikifika wakati wa kila mtu kutoa nia yake, mwingine anaombea mvua, mwingine mguu wake, na Mzee Mdhamini anafumba macho na kuanza: "Ee Mungu, nakushukuru kwa ajili ya kijana huyu aliyekaa karibu na mlango, ambaye ulinituma nikamtoe pale kituoni alipokuwa amelala sakafuni bila viatu." Na sisi wote, tulioamriwa kufumba macho, tunafumbua jicho moja kumtazama aliyekaa karibu na mlango. Kisha tunaitikia, "Twakuomba utusikie." Nimeitikia mimi pia, na mdomo wangu ukawa mchungu.

Kwenye sherehe ni vilevile. Mshereheshaji asipomtaja wakati wa kutambulisha wageni, kikohozi kinaanza. Kwanza kidogo, cha adabu, kisha kikubwa, mpaka watu wa meza kuu wanageuka. Kule Nyakato kwenye harusi moja mshereheshaji alikuwa mgeni, hakujua lugha ya kile kikohozi, akaendelea na muziki. Mzee akala sahani yake yote ya pilau, akajifuta mdomo, akaenda mbele na kuchukua kipaza sauti mwenyewe. "Bwana harusi huyu mnamwona ametulia," akasema, "mngemwona siku ile nilipomdhamini!" Bibi harusi alikuwa hajui habari hiyo. Nilikuwa nimemshonea lile gauni mimi, nikaona mgongo wake unavyokakamaa ndani ya zipu.

Lakini kisa cha msibani ndicho kilichonitoa machozi ya hasira. Alifariki kijana mmoja wa mtaa, ajali ya pikipiki, mama yake akawa amekaa chini kwenye mkeka hawezi hata kunyanyua shingo. Mzee akasimama kusema neno. Tukadhani hata yeye leo atakuwa na haya. Akasema marehemu alikuwa mtu wa watu, akasema tutamkumbuka, halafu akashindwa kujizuia. Akasimulia simu iliyoibiwa, akasimulia kituo cha polisi, akasimulia alivyotembea kwa mguu kwenda kumtoa. Mama mtu akajifunika khanga usoni. Mzee akarudi kukaa ubavuni kwangu, akaninong'oneza, "Nimemsifu vizuri, siyo?"

Nikwambie na upande wa pili, maana sipendi kusema uongo hata kwa mtu ninayemchukia. Ile safari ya mguu aliifanya kweli, tena kwenye mvua. Anaweza kukaa kituoni tangu asubuhi bila kula, amesimama wima, anangoja mkuu wa kituo amalize shughuli zake, kwa ajili ya mtoto wa mtu asiye ndugu yake. Hanywi, hatongozi wake za watu, hasengenyi. Askari akimwomba kitu kidogo anamwambia kwa sauti, "Dhamana ni haki, haiuzwi," na askari anaona aibu. Kuna watoto hapa mtaani wangepotelea gerezani bila yeye. Nasema tena ili asije mtu akaniambia sijui.

Ila mwanawe wa kumzaa alipokamatwa, kwa ugomvi wa baa, hakwenda. Mke wake alilia, majirani tulikwenda kumsihi, akakataa kata kata. Mimi nilidhani ni msimamo wa mzazi anayetaka mtoto ajifunze. Wapi! Alinijibu mwenyewe, bila hata kuona haya: "Nikimtoa mwanangu, nani ataniambia asante? Watasema ni wajibu wangu." Aliyekuja kumdhamini kijana ni jirani mwingine, fundi seremala, na mpaka leo Mzee Mdhamini hamsalimii yule seremala. Anasema amemwingilia kazi.

Ana misemo yake. Mtu akipita bila kumwamkia, husema kwa sauti ya barabarani, "Shukrani ya punda ni mateke." Na ule anaoupenda zaidi ni, "Hela inaisha, wema hauishi." Zamani nilidhani ni neno la busara. Siku hizi nikilisikia nalichukulia kama onyo.

Sasa nije kwa mdogo wangu, maana ndiye aliyenifanya niandike haya.

Mdogo wangu Shija ni fundi wa mashine za mitumbwi. Siku moja mwaloni, mahali wavuvi wanaposhushia samaki, walikuja watu wa doria na askari kukamata wenye makokoro, zile nyavu haramu zinazozoa mpaka vifaranga vya samaki. Wenye mtumbwi wakakimbia. Shija alikuwa ameinama kwenye mashine yao, mikono imejaa oili, hakukimbia kwa sababu hakuona la kumkimbiza. Wakamchukua na mtumbwi na nyavu. Jioni ile Mzee Mdhamini akaenda, akasaini, akamtoa, akamgusa shavu. Wiki iliyofuata akampeleka kuripoti kama alivyoahidi, na pale kaunta askari akasema mbele yao wote wawili, "Huyu ni fundi tu, wenye nyavu wamepatikana. Kosa hana. Nendeni." Yakaisha hivyo. Hakushtakiwa, hakuona mlango wa mahakama.

Kwetu yakaisha. Kwa mzee ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Tangu siku hiyo Shija hakupita barabara ile bila kuitwa. "Mtu wangu wa makokoro!" Wateja wakiwa wanampelekea mashine zao, mzee anaongeza kutoka barazani kwake, "Mpeni kazi, sasa ametulia." Ametulia! Mtu ambaye hakuwahi hata kuvua. Shija ni mpole, akawa anacheka cheka tu. Mimi ndiye nilikuwa navunja sindano za cherehani kwa hasira.

Kisha Shija akapata mchumba. Leticia, binti wa watu wa Butimba, baba yake mwalimu mstaafu, nyumba ya watu wanaopima maneno. Tukaanza kutafuta mshenga wa kupeleka posa. Tulikuwa na mjomba wetu, mtu wa maneno machache na matamu. Lakini Jumamosi kwenye jumuiya Mzee Mdhamini akasimama na kutangaza kwamba Butimba atakwenda yeye, "kwa sababu kijana huyu ni kazi ya mkono wangu." Watu wakapiga makofi.

Nyumbani nikamwambia mama, "Mama, huyu tukimpeleka ameharibu."

Mama akasema, "Nimkataeje? Hakuchukua hata mia yetu. Mtu akikushika mkono ukiwa shimoni, huwezi kumwambia asikushike ukiwa sebuleni."

"Mama, kamwambie tu kwamba mjomba amekwishajiandaa."

"Ng'wanawane, mwanangu, atatusema mpaka tuzikwe."

Mama yangu alikuwa sahihi, na ndilo kosa tulilofanya: tulilipa fadhila kwa mtu yule kwa kumpa mdomo wetu. Maana ukishamtuma mshenga, mdomo ni wake. Ninyi mliomsindikiza mnakaa, mnanyoosha nguo magotini, mnakunywa soda. Kumsahihisha mshenga mbele ya wakwe ni sawa na kusema posa yenyewe haina wenyewe. Shija hakuwemo, kama ilivyo desturi. Mimi nilikuwemo, dada mtu, nimekaa upande wa wanawake na kinywa kimefungwa.

Mzee akaanza vizuri. Akasalimia kwa mapana, akasema tumeona ua kwenye bustani yao, wakacheka. Ndipo mjomba wa binti akauliza swali ambalo huulizwa kila mahali: "Na huyo kijana wenu sisi tutamjuaje? Nani anamsemea?"

Nikaona kifua cha mzee kinapanda. Nikajua tumekwisha.

"Ninamsemea mimi," akasema, "kwa sababu mimi ndiye niliyemtoa mahabusu. Kama nilimwamini akiwa na pingu, ninyi mtashindwaje kumwamini akiwa na suti?"

Aliyasema kwa fahari! Kwake hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote, kwamba kijana amepitia mkononi mwake. Mama yake Leticia akaweka soda yake mezani taratibu.

"Mahabusu?" mjomba mtu akauliza. "Kwa kosa gani?"

Nikamtazama mzee. Neno moja tu lilitakiwa. Angesema "hakuwa na kosa, walikosea mtu," tungekula chakula. Akakuna kidevu, akatabasamu kama padri, akasema, "Aa, mambo ya ujana. Yamepita. Nilishamsamehe."

Alishamsamehe! Yeye! Shija alimkosea lini? Nikaomba kuonyeshwa choo, nisije nikamsahihisha mbele ya wakwe. Niliporudi wenyeji walikuwa wanasema wanaomba muda wa kushauriana. Chakula kilichokuwa kinanukia jikoni hakikutoka.

Kwenye gari tulilokodi, mzee akakaa mbele karibu na dereva, ameridhika. "Mmeona walivyonisikiliza?" akasema. "Hakuna aliyekohoa."

Majibu yalikuja kwa simu ya Leticia mwenyewe, analia. Wazazi wake hawakukataa, lakini baba yake aliweka sharti moja. Aje yule yule mzee, kwa mdomo ule ule, aseme mbele yao kijana alikamatwa kwa nini na aliachiwa kwa nini. Tukienda sisi ndugu hawatasikiliza, kwa sababu ndugu husema la ndugu. Wakampa Shija muda mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kuna mchumba mwingine ambaye shangazi yake anamleta. Shija akaacha kula. Kazi akawa anafanya, lakini ukimwita mpaka umguse.

Wakati huo mzee alikuwa anaumwa. Sukari ilimshika mguu, ukavimba, akawa halali vizuri wala hatoki. Mama alimfuata akarudi na jibu la "tutaona." Shija mwenyewe alikwenda, akarudi mikono mitupu. Mwezi ukawa unaisha, nikavaa khanga yangu nikavuka barabara.

Barazani kwake palikuwa na watu, kama kawaida ya nyumba yenye mgonjwa. Wengi wao ni watu aliowadhamini au mama zao. Walikuja na uji, na machungwa, na kumsugua mguu. Mlango wake hauna ubao, una pazia tu. Nikapiga hodi nikaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umekuja peke yako?"

"Nimekuja kukuomba, mzee wangu." Nikapiga magoti, nisiseme uongo, nilipiga magoti. "Ukapande gari, tutakubeba na kiti chako, tutakurudisha kabla ya chakula. Ukawaambie neno moja tu Butimba. Kwamba Shija hakuwa na kosa."

Akafumba macho. Nikadhani amesinzia.

"Ulikuwepo kaunta, mzee. Askari alisema mbele yako kosa hana. Au hukusikia?"

"Nilisikia," akasema. "Masikio yangu ni mazima. Hakuwa na kosa."

"Sasa si ukawaambie!"

Akafumbua macho, akanitazama kwa mshangao kabisa, kama mtu aliyeombwa avue suruali hadharani. "Binti," akasema, "fikiri kidogo. Kama hakuwa na kosa, mimi nilimwokoa na nini?"

Nikashika ukingo wa kitanda, bado nimepiga magoti.

"Nilikwenda pale, nikasimama mpaka miguu ikafa ganzi. Unataka nikaseme mtu mwenyewe wangemwachia tu hata nisingekwenda? Basi mimi nilikuwa nafanya nini pale?" Akaelekeza kidole kwenye pazia. "Waulize wote hao barazani. Nikianza kusema huyu hakuwa na kosa, na yule hakuwa na kosa, nitabaki nani?"

Miaka yote nilidhani anapenda tu kusifiwa, ugonjwa wa wazee wengi. Kumbe alihitaji tuwe wachafu. Kila kijana wa mtaa huu ilibidi abaki na uchafu wake ili yeye aonekane aliyemwosha. Nikainuka, sikuaga. Nikavuta pazia nitoke, nikakuta baraza zima limegeukia mlangoni. Walikuwa wamesikia kila kitu.

Aliyekuwa karibu na mlango ni Mama Kulwa, mjane wa nyumba ya nyuma. Mwanawe mkubwa aliwahi kudhaminiwa na mzee kwa tuhuma ya baiskeli, na kwa kuitwa "mtu wangu wa baiskeli" kila siku akahama mji, hajarudi hata kwa Krismasi. Bakuli la uji lilikuwa mkononi mwake, la mzee. Hakuongea na mimi. Alisema na pazia.

"Mzee, na wangu je? Naye hakuwa na kosa?"

Tukasikia kitanda kinalia, mtu anageukia ukutani.

"Nakuuliza, baba. Nimekusugua mguu tangu juzi. Mwanangu aliiba ile baiskeli au hakuiba?"

Mama Kulwa akaweka bakuli chini, akajifunga khanga yake kiunoni kwa nguvu, fundo la kuendea ugomvi. Akanishika mkono. "Twende Butimba," akasema. "Mimi si ndugu yenu, siwezi kuambiwa nasema la ndugu. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema Shija hana kosa. Nitalisema hilo mbele ya mwalimu na Mungu akiwepo." Kijana mmoja mwenye ndevu akainuka, akasema naye amesikia. Akainuka na mwingine. Mguu wa mzee ukabaki hauna wa kuusugua.

Tulikuwa tumefika barabarani, tunasimamisha gari, pazia liliposogezwa kwa fimbo. Sikuamini kwamba angeweza kusimama. Akasimama, ameshika fremu ya mlango, mguu umevimba kama mhogo, na akapaza ile sauti yake ya msibani ili mtaa wote usikie:

"Mkifika, waambieni mimi ndiye niliyewatuma!"